Jiko la Grunnvika

Tiril alikunjua ramani juu ya meza yangu ya jikoni. Pembe moja aliibana kwa bakuli la siagi, nyingine kwa kikombe changu cha kahawa, na kikombe kikakaa juu ya Grunnvika kabisa. Nikakisogeza.

"Bibi, ramani itajikunja."

"Ibane kwa sahani ya jibini. Hapo usipafunike."

Alinitazama, akafanya nilivyosema. Ndivyo alivyo mjukuu wangu huyu. Jambo likiwa zito huuliza sababu baadaye, mkiwa wawili tu.

Ni mtoto pekee wa mwanangu, na ameipenda bahari ambayo baba yake haigusi hata kwa kidole cha mguu. Kazi yake ni kuzamia. Hukagua nguzo za bandari na vizimba vya samaki mwaka mzima, hata majira ambayo jua halichomozi. Aslak, mchumba wake, huzamia naye. Yeye ametoka kwa wafugaji wa kulungu wa kaskazini huko bara, na ana desturi ya kuosha kikombe chake na cha mtu aliyeketi jirani yake, bila kuambiwa. Siku ile jirani yake alikuwa Hilmar, shemeji yangu, ambaye kikombe chake hakijaoshwa na mtu tangu mkewe afariki.

Walikuwa wakipanga safari ya kumfuata mume wangu.

Eilert alizama mwezi wa Februari, mwanangu akiwa bado hajaanza shule. Boti yake iliitwa Jorunn, jina la mama yao, yeye na Hilmar. Ilikuwa inarudi nyumbani na samaki, mawimbi yakarukia sitaha na kuganda hapohapo, barafu juu ya barafu, hadi boti ikalemewa na kupinduka kwenye mlango wa ghuba ya Grunnvika, mbele ya nyumba tuliyokuwa tukikaa. Hilmar alikuwa nyuma yake kwa boti yake mwenyewe. Hakuweza kufanya lolote ila kushika alama.

Wavuvi wetu hushika mahali baharini kwa alama mbili za nchi kavu. Unapanga kitu hiki juu ya kile, na upande mwingine unapanga hiki na kile, na mistari inapokutana ndipo penyewe. Alama za watu ni siri zao. Hilmar aliniambia zile za Jorunn sikioni, akasema, "Hizi ni zako, Ragnfrid. Mimi sitazitamka tena." Na hakuzitamka.

Kanisani kwetu kuna jiwe lenye majina mawili. Chini ya jina la Eilert hakuna kitu. Chini ya langu pananisubiri. Sikupata kumwambia mtu, lakini kwa muda mrefu nimetaka awe ameshafika pale kabla yangu, nisije nikalala peke yangu. Kilichonifunga mdomo ni maneno ya wazee wetu kwamba bahari haitoi bure. Ikitoa mmoja huchukua mmoja. Nami nina mjukuu mmoja.

"Mwisho wa Aprili," Tiril alikuwa akisema. "Tukichelewa maji yatakuwa kijani, hata mkono wako mwenyewe huuoni. Sasa ni maangavu kama dirisha la Bibi."

"Maangavu, na baridi ya nyuzi tatu," akasema Hilmar. "Wenzenu wakipata likizo wanakwenda kusini kujianika juani."

"Babu Hilmar, wewe umevua maisha yako yote na kuogelea hujui."

"Kuogelea ni kurefusha mateso tu. Boti ikizama, zama nayo upesi ukapumzike."

Alisema kwa mzaha kama alivyozoea, kisha akakumbuka yuko nyumbani kwa nani, akainamia kahawa yake. Tiril akamsukumia sahani ya chapati za viazi zenye siagi na sukari.  

"Mimi nisichoelewa," Hilmar akaanza tena baadaye, "ni kulala kule. Zamieni asubuhi, mchana mpande njia ya majeneza, jioni mko hapa mnakula."

Grunnvika ni mawe matupu, hapachimbiki kaburi. Zamani maiti zilibebwa kuvuka mlima hadi kanisani huku, na njia ile bado ipo. Juu kabisa, kwenye pengo la mlima, kuna jiwe bapa ambapo wabebaji walipumzisha jeneza. Eilert hakupitishwa pale, na Tiril alikuwa amesema ataipita yeye kwa niaba yake.

"Haiwezekani siku moja, Babu," Aslak alisema. "Ukitoka kilindini damu yako bado imeshika hewa. Ukipanda mlima upesi, hewa ile inatoka mapovu mwilini, kama chupa ya soda iliyofunguliwa. Lazima tupumzike usawa wa bahari hadi kesho yake."

"Na mkimwona?" nikauliza.

 Aslak ndiye aliyenijibu, kwa sauti ya chini. "Tukiona mfupa hatuugusi, Bibi. Tunawaita polisi, wao ndio wa kumtoa. Lakini tukishajua yupo, atatoka."

"Basi lazima mlale kule," nikasema. "Jiko la nyumba yetu ya zamani halina shida. Si Hilmar hulipanga kila mwaka."

Hilmar aliinua kichwa. "Nani?"

"Wewe. Kila Agosti tukienda kuchuma matunda ya kinamasi nalikuta tayari. Gome jeupe la mti chini, vibanzi juu yake, kuni juu ya vibanzi. Na kiberiti pale juu, njiti mbili zimechomozwa."

"Shemeji," alisema polepole, "mimi siku zote nilijua ni wewe."

 Aslak alimtazama Tiril, Tiril akanitazama mimi.

Huku kwetu mtu haondoki kwenye nyumba ya mlimani au ya ufukweni akaacha jiko tupu. Hata uwe na haraka ya namna gani, unachoma kuni ulizozikuta na unapanga nyingine kwa atakayekuja, maana huenda akafika amelowa na mikono haina nguvu ya kushika shoka. Hilo kila mtu hulifanya. Njiti mbili ni jambo lingine. Eilert akiwa kijana aliumwa na baridi, vidole viwili vikafa ganzi moja kwa moja. Ndipo akaanza kufungua kiberiti nusu na kuchomoza njiti mbili, ili mtu asiye na vidole azichukue kwa meno. Sijamwona mwingine akifanya hivyo. Miaka yote nilidhani Hilmar anaendeleza kwa kumkumbuka kaka yake, na sikumshukuru, kwa sababu kwetu wema wa namna ile haushukuriwi usoni. Unaupokea na kunyamaza.

"Wapanda mlima wanapita kule," Aslak alisema. "Hata kwetu bara tunapanga jiko."

"Na njiti?" Hilmar akamuuliza.

Aslak alisimama, akachukua kikombe cha Hilmar, akakiosha.

Walipotoka kwenda kutazama boti, Tiril alibaki kukausha vyombo. Nikajua swali linakuja.

"Bibi, kwa nini nisipafunike?"

"Babu yako yupo hapo, mwanangu. Nilihisi kama umemwekea kikombe usoni."

Alikausha sahani moja kwa muda mrefu sana. "Usipotaka, siendi. Sema neno moja tu, nami sitakuuliza tena."

"Namtaka nyumbani," nikasema. "Na wewe nakutaka nyumbani."

"Basi nitageuka. Nikiona dalili yoyote mbaya, hata ndogo, nageuka. Si nyinyi wenyewe mnatufundisha kugeuka si aibu?"

"Niapie."

"Nakuapia, Bibi."

Nikamvuta, nikamwambia sikioni kama nilivyoambiwa mimi. Bomba la moshi la nyumba yetu likae chini ya pengo la mlima. Jabali la ndege mnandi ligusane na ncha ya rasi.

Tulivuka wanne kwa boti ya Hilmar, mitungi ya hewa imefungwa katikati ya sitaha kama watoto waliolala. Mwanangu alikataa kuja, lakini alitembea hadi gatini, akamfunga binti yake skafu mara mbili, akaondoka bila kuaga. Mimi waliniambia nibaki nyumbani na magoti yangu. Nikawaambia mtu wa kusimama rasini lazima awepo. Hilmar angeshika alama moja akiwa juu ya maji, na mimi ningeshika ya pili kutoka kwenye ncha.

Mlango wa Grunnvika haufungwi kwa ufunguo. Ndani mlinukia gome kavu. Hakuna aliyevua kofia hadi Tiril alipofungua mlango wa jiko. Gome, vibanzi, kuni. Na kiberiti, njiti mbili zimechomoza.

"Haya, tunatetemeka bure," alisema, akawasha. Moto ulishika mara moja.

Jioni tulichemsha samaki na maini yake. Nje kulikuwa na ule mwanga wa Aprili ambao hauishi, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Hilmar alikuwa akimsimanga Aslak kwamba wafugaji wa kulungu hula samaki kama wanaomwogopa, kwa ncha ya uma.

"Namheshimu tu, Babu. Yeye ndiye mwenyeji wangu kesho."

"Mheshimu mdomoni basi, anapoa!"

Tulikuwa tunacheka wakati mtu alipogonga viatu kwenye ngazi. Alikung'uta theluji, mguu mmoja mara mbili, na mwingine mara mbili, kama anavyofanya mtu aliyefundishwa adabu na mama yake. Uma wa Hilmar ulibaki hewani. Mama yao ndiye aliyewafundisha hivyo, wote wawili.

Aslak aliinuka akafungua. Hapakuwa na mtu. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo zetu tu, zinazotoka ufukweni.

"Upepo," alisema Tiril.

"Ndio, upepo," alisema Hilmar, ingawa nje moshi wetu ulikuwa unapanda wima kama kamba.

Nikaona kitu kimoja. Aslak, kabla ya kufunga mlango, aliushikilia wazi kidogo, kama unavyomshikia mlango mtu mwenye mzigo. Kisha akaufunga taratibu. Nilimpenda tangu hapo.

Asubuhi tulinywa kahawa tukingoja maji yatulie kati ya kujaa na kupwa. Yalitulia mapema kuliko tulivyofikiri. Hilmar aliita kutoka gatini, tukatoka mbiombio, huyu na glavu, yule na mkanda wa risasi wa kumzamisha. Nilipokuwa nusu ya njia kwenda rasini nikakumbuka. Kuni tulizochoma zilikwisha kuwa majivu, na sikupanga nyingine. Niliacha jiko tupu. Mimi, ambaye nimewagombeza watu wazima kwa kosa hilo. Nikasimama nigeuke, lakini boti ilikuwa imeshaondoka na rasi ilinihitaji. Nikaendelea.

Kutoka rasini nyumba iko mbele yako, mlango na ngazi, na upande wa pili ni bahari. Hilmar alipeleka boti taratibu hadi akaliona bomba la moshi limekaa chini ya pengo. Nikainua mkono boti ilipokaa mstari mmoja na jabali na ncha niliyosimama. Akatupa nanga ndogo yenye boya.

Tiril alikuwa amekaa ukingoni, amevaa suti yake nyeusi ya kuzamia na chini yake sufu niliyomfumia. Alinipungia mkono. Kisha akatia kipumulio mdomoni na kuvuta pumzi mara mbili, akiwa bado juu, kwenye ule upepo wa baridi, apate kumchekesha Hilmar kwa sauti yake ya bata. Sauti ya Aslak ilinifikia hadi rasini.

"Usipumulie hewani! Kitaganda!"

Akakitoa. Wakajiachia majini.

Nilitazama mapovu yao. Safu mbili, bega kwa bega, zikiibuka kando ya kamba ya boya. Nilisema sala ninayoijua. Sikumwomba Mungu anipe Eilert. Nilipofika mahali pa kuomba hivyo, ulimi ulikataa, nikajikuta nasema jina la Tiril tu, tena na tena, kama anayeita mtoto kula.

Mara bahari ikachemka. Pale kwenye boya maji yaliinuka meupe, yakatoa sauti ya sufuria iliyofunuliwa. Hilmar alisimama wima ndani ya boti. Mzee huyo haogelei, lakini niliona ameshavua kiatu kimoja.

Mapovu yalipungua. Ikabaki safu moja, nene, inapanda polepole. Kisha ikasimama mahali pamoja, karibu na uso wa maji, ikakaa, ikakaa. Tiril alikuwa amenieleza kwamba lazima wasimame pale kabla ya kutoka, hata kama roho inataka kukimbia. Nilijua hivyo. Lakini kujua hakunisaidia kitu. Safu ilikuwa moja.

Vikatoka vichwa viwili.

Aslak alikuwa amempa kipumulio chake cha akiba, wakapumua mtungi mmoja. Hilmar aliwavuta, sijui kwa nguvu gani, akaenda nao moja kwa moja gatini. Nikamwona Tiril akipanda na kukimbilia nyumbani, mikono ameinua mbele kama si yake. Glavu moja ilikuwa imechanika, na maji ya nyuzi tatu yalikuwa yamekaa na mkono ule muda wote waliposimama chini.

Nilianza kushuka kwenye mawe. Kabla sijaipa bahari kisogo niliiangalia mara moja. Wote wawili walikuwa nchi kavu, na hata hivyo pale kwenye alama kulikuwa na uzi mwembamba wa mapovu, unatoka, unapumzika, unatoka. Kama mtu anayepumua usingizini.

Na jiko ni tupu, nikawaza. Mtoto amefika na baridi, na mimi nimemwachia jiko tupu. Nililia njia nzima, na magoti yalikwenda kwa kasi ambayo sikujua bado ninayo.

Nilipofungua mlango, moto ulikuwa unanguruma. Tiril amepiga magoti mbele ya jiko, midomo ya bluu, mikono miwili imenyooshwa kwenye joto, nyeupe kama mshumaa lakini kidole kimoja kinaanza kupata rangi. Juu ya jiko kiberiti kilikuwa kimefunguliwa nusu. Njiti moja ilichomoza. Nyingine, iliyoungua, ilikuwa sakafuni, na kwenye kijiti chake kulikuwa na alama za meno.

"Nisingeweza, Bibi," alisema, meno yanagongana. "Vidole havikushika. Kama usingepanga kuni ukanichomozea njiti, nisingeweza. Asante."

Mlango ulikuwa mbele ya macho yangu tangu tulipotoka. Hakuna aliyepanda ngazi zile kabla yake.

"Karibu, mwanangu," nikasema.

Nilisema kwa niaba ya mwenye wema, kwa kuwa yeye hakuweza kujibu. Kisha nikamvua suti na sufu iliyolowa, nikamfunga blanketi, nikamwekea mikono yake makwapani mwangu kama nilivyokuwa nikimfanyia baba yake.

Aslak na Hilmar walipoingia, mkono ulikuwa umeshaanza kuuma, na maumivu yale ni habari njema. Tiril alitusimulia. Waliiona Jorunn imelala ubavu, jina lake bado linasomeka kati ya viti vya pwani, wale viumbe wenye umbo la nyota. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Alishika ukingo, glavu ikachanika, akainua taa aangaze ndani, na hapo kipumulio kilichoganda kikaanza kumwaga hewa.

"Nilibakiza kunyoosha mkono tu, Bibi. Taa ingefika. Nikageuka." Alianza kulia. "Nimekurudishia mikono mitupu."

"Mikono yako ndiyo niliyoitaka," nikamwambia. Na nilipoyasikia maneno yale nikajua ni kweli.

Hilmar alikuwa anamtazama Aslak. "Yale mapovu yaliyobaki. Na wewe uliyaona?"

"Ni hewa iliyomwagika, Babu. Iliingia chini ya dari ya chumba chake. Itavuja kidogokidogo, labda hadi kesho."

"Basi mmemwachia pumzi kidogo," alisema Hilmar. Akavaa kiatu chake.

Tulipumzika siku ile nzima. Kesho yake Tiril, mkono umefungwa bandeji, alivaa viatu vya theluji na kupanda na Aslak njia ya majeneza, bila kubeba kitu. Hilmar alipakia mitungi. Mimi nilibaki nyuma kupanga jiko. Niliweka gome, vibanzi, kuni. Nilifungua kiberiti nusu. Ile njiti moja ilikuwa bado imechomoza, nikaiacha ilivyo, nikachomoza ya pili kando yake.

Kwetu wema haushukuriwi usoni. Nilitazama chumba, benchi lake, ndoano ya kofia yake. Usoni pangu hapakuwa na mtu, kwa hiyo nikaona si vibaya.

"Asante, Eilert," nikasema. "Mtoto amefika salama. Kaa unapokaa."

Nikatoka, nikaurudisha mlango taratibu. Kutoka kwenye boti niliangalia juu. Pale kwenye pengo la mlima watu wawili walikuwa wamesimama kando ya jiwe bapa. Hawakukaa juu yake. Walisubiri kidogo, kama wanaompa mtu nafasi ya kupumzika, kisha wakaendelea upande wa nyumbani.